Kua inaanguka mara ya pili, na safari hii Wasakalava hawamo

Ndugu zangu, leo nina hasira, naomba mnivumilie.

Chanzo cha hasira yenyewe ni kinu. Ndiyo, kinu cha kusagia nafaka. Kipo katika mji wa Winchester, Uingereza, juu ya mto Itchen. Maji ya mto yanapita chini ya nyumba, yanazungusha gurudumu la mbao, gurudumu linazungusha jiwe, jiwe linasaga ngano. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakuna mfalme aliyezaliwa humo wala vita iliyopiganwa humo. Ni mashine ya kusaga, kama zile tulizotumwa na mama zetu tukiwa wadogo, debe kichwani, ila hii inatumia maji badala ya dizeli.

Jengo hilo lilijengwa upya karne ya 18, mahali ambapo pamekuwa na kinu tangu enzi za kati. Mwaka 1928 kilikuwa karibu kubomolewa. Watu wakachangishana, wakakinunua, wakakikabidhi kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza mali za kale nchini humo. Mwaka 2004, baada ya miaka mingi ya kukaa kimya, mawe yake yakaanza tena kusaga.

Msidhani Waingereza wana uhaba wa vinu, eti ndiyo maana wanakithamini hicho kimoja. Daftari la kodi ambalo mfalme wao aliliandikisha mwaka 1086 lilihesabu vinu zaidi ya 5,600! Walikuwa navyo kama sisi tulivyo na vibanda vya chipsi. Mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na kanuni yao kuu ni rahisi hata bibi yangu angeielewa: ziba tundu likiwa dogo, kila mwaka, usingoje nyumba ianguke ndipo uite mkutano. Kufika mwaka 1931 chama hicho kilikuwa na kitengo maalumu cha vinu. Vinu!

Sasa tuje nyumbani. Wao wamekilinda kinu cha msaga unga asiyejulikana hata jina. Sisi tuna mji mzima, una jumba la ghorofa, misikiti, nyumba za mawe na makaburi, na tunautazama ukidondoka jiwe moja baada ya jingine. Mji huo unaitwa Kua. Fanyeni jaribio dogo: waulizeni watu kumi pale Mlimani City kama wanaijua Kua. Wengi watadhani mmekosea kusema "kuwa".

Kua iko kisiwa cha Juani, Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani. Kutoka Dar unapanda ndege ndogo, au unashuka kwa barabara mpaka Nyamisati na kuvuka kwa chombo hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni unakwenda Utende, na kutoka Utende unavuka kwa boti kuelekea upande wa Chole na Juani. Lazima uhesabu maji. Yakipwa, chombo kinakwama huko nje na wewe unavua viatu, unapita kwenye tope la mikoko. Ukishapanda juu kidogo unaanza kuona kuta. Kwanza unadhani ni miti, kwa sababu ni miti kweli: mizizi mikubwa ya miti ya jamii ya mkuyu imekumbatia mawe mpaka huwezi kusema kipi kimeshika kipi. Halafu unaona tundu la mlango. Halafu vishubaka ukutani. Halafu unagundua kwamba umesimama sebuleni kwa mtu.

Kwa wasomi wenzangu ambao, kama mimi, walisoma historia ya pwani kwa kukariri Kilwa, Sofala, Malindi na Mombasa kwa ajili ya mtihani, ngoja niwape picha kwa ufupi. Mafia haikuwa kichochoro. Habari za kale za watawala wa Kilwa zinaitaja, na sarafu za Kilwa zimepatikana kisiwani humo. Palikuwa na miji miwili mikubwa ya mawe. Mmoja ni Kisimani Mafia, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Wa pili ni Kua. Nyumba nyingi za Kua tunazoziona leo ni za zamani za mwisho za mji huo, karne ya 17 na 18. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaja Wasakalava kutoka magharibi ya Bukini, yaani Madagascar, kwa msafara wa mitumbwi. Watu hawa walikuwa wameshaitia adabu Komoro tangu miaka ya 1790, wakichukua mateka wa kuwauza. Wakaipiga Kua. Waliouawa wakauawa, waliochukuliwa wakachukuliwa, waliobaki wakatawanyika. Mji haukuinuka tena, na shughuli zikahamia jirani, Chole.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Kua ilipoanguka. Mara ya pili inaendelea sasa hivi, na mimi na wewe tumo katika msafara.

Kuna kisa ambacho kila mgeni anayetembezwa Kua husimuliwa. Inasemekana watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Wakangoja miaka mpaka kisa kikasahaulika, kisha nao wakawaalika wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakakaribishwa katika chumba kizuri, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa huku karamu ikiendelea ndani.

Ni kisa kizito, na sina haja ya kubishana kama kilitokea au hakikutokea. Ninachouliza ni hiki: kwa nini hiki ndicho pekee tunachokijua kuhusu Kua? Mtalii anasisimkwa, anapiga picha, anarudi hotelini. Hakuna aliyemwambia ukuta aliouegemea ulijengwaje, na hakuna aliyemwambia mwenyeji kwamba kujua ukuta ulivyojengwa ni ujuzi wenye thamani.

Basi mimi nitawaambia. Nyumba ya mawe ya Mswahili ni kazi ya akili. Kuta zake ni matumbawe ya nchi kavu, yale mawe magumu yenye matundu ambayo ndiyo mwili wa visiwa hivi. Ukuta unajengwa kwa nyuso mbili, wa nje na wa ndani, na katikati unajazwa vipande vya mawe na chokaa. Kwa sehemu za urembo, mfano fremu za milango, vishubaka na kibla ya msikiti, waashi walitumia tumbawe la baharini, ambalo likitolewa majini ni laini, linachongeka kama sabuni ya mche, kisha likikauka linakuwa gumu. Chokaa yenyewe ilipikwa: magogo yanapangwa, matumbawe yanalundikwa juu, moto unawashwa, na kinachobaki kinaachwa kwa muda mrefu kilowe na kupoa kabla ya kutumika. Fundi asiye na subira hakuwa fundi.

Juu, boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya mawe, na juu ya mawe sakafu nene ya chokaa na kokoto iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Paa la chini ndilo sakafu ya ghorofa. Na sasa angalieni hili: boriti ya mkoko ina urefu wake, haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, cha wageni mbele na cha siri nyuma kabisa. Mti wa ufukweni ndio ulioamua ukubwa wa chumba cha bwana harusi. Mwanafunzi wa usanifu majengo akisimama Kua kwa saa moja anaweza kujifunza jambo hilo bila projekta.

Sasa nyumba ya namna hii hufaje? Haifi kwa uzee. Inakufa kwa maji. Paa likishaondoka, mvua inaingia juu ya ukuta, mahali penye ule ujazo wa katikati. Chokaa inalainika na kuchukuliwa kidogo kidogo. Ndege analeta mbegu, mbegu inaota kwenye ufa, mzizi unashuka ndani ya ukuta ukitafuta ardhi. Mzizi unanenepa, nyuso mbili za ukuta zinaachana. Na hapo ndipo mtego ulipo: mti uliouvunja ukuta ndio huo huo unaoushika usianguke. Akija mtu mwenye nia njema na panga, akaung'oa, ukuta unashuka naye. Mti wa namna hiyo unakatwa kwa hatua, shina linauawa polepole, ukuta unapigiwa nguzo na nyufa zinajazwa chokaa kadiri mzizi unavyooza.

Kuna adui mwingine mbaya kuliko mti, naye ni mfuko wa saruji. Kila palipo na jengo la kale lazima atokee mheshimiwa wa kusema "tupige plasta tu hapa." Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji na chumvi vinafungiwa ndani, vinatafuta pa kutokea, na vinatokea kwa kulipasua jiwe lenyewe. Baada ya miaka michache plasta imesimama peke yake na ukuta nyuma yake umekuwa unga. Afadhali mti.

Nimeyasema haya yote ili mjue kwamba kuisaidia Kua hakuhitaji miujiza. Kunahitaji chokaa, watu, na kurudi kila mwaka. Kwa nini basi hatufanyi? Nimezisikia sababu nyingi, na nne ndizo hurudiwa kila mara. Hebu tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: "Hayo ni majengo ya Waarabu, sisi yanatuhusu nini?" Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wenye digrii. Wakoloni walituambia kwamba kila jiwe lililopangwa vizuri katika pwani hii lilipangwa na mgeni, kwa sababu Mwafrika hakuweza. Wakaondoka. Sisi tukaendelea kuifundisha kauli hiyo bure, bila hata mshahara wao! Wanaakiolojia wameshaonyesha vingine. Kule Shanga, kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, wa mwanzo ukiwa wa miti na udongo, baadaye wa mawe. Yaani watu walijifunza na kuendelea hapo hapo walipokuwa wakiishi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Upande wa akina mama, asili ilikuwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa sana. Upande wa akina baba kulikuwa na wengi wenye asili ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kama miaka elfu moja iliyopita. Kwa lugha ya mtaani: wageni walikuja, wakaoa, wakahamia ukweni. Tangu lini nyumba ya ukweni ikawa mali ya mkwe peke yake? Matumbawe ni ya Juani na boriti ni za mikoko yetu. Waliopika chokaa hawakuwa wamekuja na meli kwa kazi hiyo.

Wengine huongeza: "Lakini miji hiyo ilikuwa na watumwa." Kweli ilikuwa nao, na baadhi ya mikono iliyobeba mawe ya Kua yaelekea haikulipwa. Sasa ukiuacha ukuta uanguke, umemkomesha nani? Bwana ameshakufa. Unachofuta ni kazi ya yule mtumwa, alama pekee aliyoacha duniani. Aliyebeba jiwe hakuandikwa jina popote. Jiwe lenyewe ndilo shahidi wake.

Sababu ya pili: "Watu wana shida ya maji, barabara na zahanati, wewe unaleta habari za magofu." Hii ninaiheshimu zaidi, kwa sababu shida hizo ni za kweli, na anayeishi kisiwa kidogo kama Juani anazijua kuliko mimi wa Sinza. Ila mbona hatuisemi tunapohifadhi samaki? Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na mvuvi akaambiwa hapa usivue, nyavu hizi usitumie, tumbawe hili usiling'oe. Kwa matumbawe yaliyo hai chini ya maji tuna sheria, boti na askari. Papa potwe ana matangazo yake, watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuogelea naye. Ni sawa kabisa, nami nampenda papa potwe. Ninachodai ni kwamba matumbawe yaliyopangwa na mikono ya binadamu yakawa msikiti nayo yana haki ya kuangaliwa. Mgeni yule yule aliyekuja kwa ajili ya samaki angeongeza siku moja kwa ajili ya Kua, na siku hiyo moja ni nauli ya boti, chakula cha mchana na ujira wa mtembezaji, fedha ambayo ingeishia Juani kwenyewe. Kazi ya kuzuia ukuta usianguke nayo ni ajira. Ni kazi ya mwashi, ya mchoma chokaa, ya mkata majani, ya mwenye mtumbwi.

Sababu ya tatu: "Serikali haina fedha, tusubiri wafadhili." Ndugu zangu, Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya aibu, ile ya urithi ulio hatarini. Ikachukua miaka kumi, mpaka 2014, kutoka humo. Na kilichoyatoa, ukiacha fedha za nje, ni kazi ya mikono: kuta zilizorekebishwa, vizuizi vya mawimbi, mikoko iliyopandwa ufukweni, na wanakijiji waliohusishwa kazini. Maana yake ujuzi upo, na upo katika nchi hii hii, kusini kidogo tu ya Mafia. Kuwapandisha chombo mafundi wachache wa Kilwa wakakae Juani msimu mmoja wa kiangazi, wakawafundishe vijana wa pale, kunahitaji mfadhili kutoka Norway? Posho za semina moja ya siku tatu Dodoma, na chai na vitafunwa vyake, zingeanza kazi hiyo. Na msiniambie kwamba watu wa visiwa hivi hawana mikono. Chole na Jibondo wanaunda majahazi. Mtu anayeweza kupinda mbao mpaka ikawa jahazi atashindwa kujaza ufa kwa chokaa?

Sababu ya nne ni fupi: "Mbona bado imesimama?" Ni kweli, baadhi ya kuta bado zimesimama. Beit al-Ajaib kule Unguja nayo ilikuwa imesimama. Jumba la mwaka 1883, fahari ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, linaonekana na kila anayeshuka kwenye boti ya kutoka Dar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, ikaua mafundi wawili. Kama jengo linalotazamwa na nchi nzima linaweza kuanguka mchana kweupe, jengo la Juani linalotazamwa na ngedere litachukua muda gani? Na likianguka hakuna kamera ya simu itakayolirekodi. Tutajua siku mgeni atakapofika na kuuliza ule mlango uliokuwa kwenye picha uko wapi.

Halafu kuna ile miji miwili niliyoitaja. Kisimani Mafia haisubiri mjadala wetu, kwani bahari imekula sehemu kubwa ya mji huo. Mafia ilikuwa na miji miwili mikubwa ya mawe, mmoja bahari inaumaliza. Tumebaki na Kua.

Kwa wanaopenda sheria, nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari: jengo lililojengwa kabla ya mwaka uliowekwa humo ni la kumbukumbu, halihitaji kupigiwa kura. Kua ilikuwa imeshahamwa miongo kadhaa kabla ya mwaka huo. Kila jiwe lake limo ndani ya mstari. Hatudai sheria mpya, tunadai iliyopo ishuke kwenye boti, ifike Juani.

Na kwa wanaosema haiwezekani kwa sababu pori limeshameza kila kitu, watazame Gedi, kaskazini ya Mombasa. Nayo ilikuwa mji wa mawe uliohamwa na kumezwa na msitu. Mwaka 1927 ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria, mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuichimba, baadaye ikawa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Basi za shule zinakwenda. Mwaka 1993 ukaanzishwa pembeni yake mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanafuga vipepeo na kuuza, wakawa na sababu ya kuupenda msitu badala ya kuukata. Julai 2024 Gedi ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Jirani zetu hawana chokaa tamu kuliko yetu. Waliamua mapema tu.

Mwandishi wa gazeti anaweza kufanya nini? Mimi nilijaribu. Niliandika habari hii, nikaipeleka mezani, mkubwa wangu wa kazi akaisoma nusu na kunirudishia, eti magofu hayauzi gazeti, nikatafute kama kuna mtu aliyeona jini huko. Jini! Ndiyo maana mnaisoma hapa. Tukisema Kua ina jini, tunapata ukurasa wa mbele. Tukisema Kua ina chokaa ya karne tatu inayoyeyuka kila masika, hatupati hata kona ya ukurasa wa 14.

Na hata hilo la majini lina somo kwa anayetaka kusikia. Katika magofu mengi ya pwani yetu watu bado huja na ubani na marashi, wanaweka kwenye kibla ya msikiti usio na paa, wanaomba na kuondoka. Msomi wa mjini anacheka. Lakini huyo mwenye ubani ndiye pekee anayelitembelea jengo kama mahali penye wenyewe. Sisi wenye vyeti tunapita tukisema "magofu," na neno hilo lina maana ya kitu ambacho hakuna wa kuulizwa habari zake.

Kwa hiyo nadai mambo manne, si mengi. Kwanza, kila ukuta wa Kua uliobaki upimwe, uchorwe na upigwe picha sasa, kabla ya masika mengine kupita. Vyuo vyetu vinafundisha akiolojia na usanifu majengo, na wanafunzi wanatafuta mahali pa mafunzo ya vitendo kila mwaka. Wapelekeni. Pili, vijana wa Juani waajiriwe kwa mshahara wa kila mwezi, siyo kwa kofia na fulana, wafyeke, wakate mizizi kwa utaratibu, wajaze nyufa kwa chokaa, na marufuku mfuko wa saruji kuvuka maji kuelekea Kua. Chokaa hiyo ipikwe kwa mawe ya nchi kavu, tusije tukaokoa tumbawe la juu kwa kuua la chini. Tatu, kila senti anayolipa mgeni kwa ajili ya kuiona Kua igawanywe hadharani, sehemu ya kijiji ibandikwe kwenye ubao wa kijiji ikiwa na tarakimu zake. Nne, jina la Kua liingie darasani, kuanzia shule za msingi za Mafia zenyewe, na mtoto aoneshwe boriti na chokaa kabla ya kusimuliwa karamu ya wafu.

Sidai lijengwe upya. Sitaki kuona jumba la Kua limepigwa bati jekundu na kuwekewa mgahawa. Lililoanguka limeanguka. Ninachodai ni kwamba lililosimama libaki limesimama.

Ofisi zenye dhamana ya mambo haya zinajulikana, na mbunge, mkuu wa wilaya na halmashauri wapo. Wewe unayesoma, kama likizo hii unawaza Mafia kwa ajili ya papa potwe, ongeza siku moja. Vuka Juani maji yakiwa yamejaa, mlipe mtembezaji wa pale pale, usiokote hata kigae kimoja, na ukirudi andika barua kwa mmoja wa niliowataja, umwambie ulichokiona na ni ukuta gani umeinama. Barua moja wataitupa. Mia mbili watalazimika kuzifungulia faili.

Nawasilisha.